Bakuli Chini ya Kitanda

Ulipita. Usinikunjie uso, nakwambia ulipita. Ulikuwa juu ya daraja dogo lile, ukabana pua kwa vidole viwili, ukatazama simu, ukaongeza mwendo. Chini yako mfereji ulikuwa umejaa maboksi meupe ya chakula hata maji hayaonekani, nawe ukajiambia kwamba kuna watu wa kazi hiyo. Watu gani? Wataje. Mimi nimekaa hapo na sindano yangu ya viatu tangu daraja lilipokuwa gogo, na watu hao sijawahi kuwaona.

Kumbukumbu yangu ni mbaya, yaani haisahau. Nakumbuka mfereji ule ulipokuwa kijito na watoto wakifulia soksi za shule humo. Nakumbuka chuo kikuu kilipojengwa juu ya mteremko, wakatuambia elimu itatiririka ije mpaka kwetu. Kilichotiririka unakijua. Nakumbuka mwaka walioshuka na kofia za kijani wakapanda miti kando ya mfereji, wakapiga picha, wakaondoka. Mbuzi wa jirani yangu walikula vizuri wiki ile. Nakumbuka pia semina kubwa ya kuokoa mazingira, kila mgeni na chupa yake ya plastiki mezani. Semina ilifungwa kwa makofi. Chupa nilizipokea mimi, mvua ilipozileta.

Sasa kaa nikueleze habari ya Kidole, maana hii haikuishia kwa mbuzi.

Kidole ni msichana aliyelelewa na shangazi yake, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi kimepakana na benchi langu, hatua chache kutoka darajani. Jina hilo alipewa darasa la kwanza, kwa sababu mkono wake ulikuwa juu muda wote: mwalimu, mimi, mwalimu, najua. Alijua kweli. Akajua mpaka akaingia chuo kile kile cha juu ya mteremko, kusomea mambo ya mazingira. Shangazi mtu alishona mwezi mzima akiimba. Na unajua anashona nini? Majoho ya mahafali ya chuo hicho. Yale mavazi meusi marefu ambayo wasomi huvaa siku wanayotupa kofia hewani, yote hutoka katika chumba hiki chenye paa linalovuja pembeni.

Siku Kidole anahamia hosteli, Shangazi alimpa bakuli. Bakuli la bati, jeupe, lenye maua mekundu ubavuni na kifuniko kinachobana.

“Ulie humu,” alimwambia. “Usije ukaanza kula kwenye vile vijeneza.”

Vijeneza ndilo jina tuliloyapa maboksi yale huku chini. Meupe, yana kifuniko, na kila siku yanashuka kuzikwa kwetu.

“Nitalia humu, Shangazi,” Kidole akasema kwa utani.

“Ukilia humu litashika kutu. Kula!”

Basi sikiliza mambo ya wasomi. Kule hosteli kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huja na chombo kutoka nyumbani. Huyu hotipoti, yule kopo la plastiki gumu, mwingine sufuria ndogo. Wiki ya kwanza utawaona wamepanga foleni kantini, vyombo mkononi, wapole kama kondoo. Wiki ya pili hakuna hata mmoja. Hakuna aliyetangaza wala aliyekataza. Ni neno moja tu linatosha. Ukipita na chombo chako, mtu wa mwaka wa tatu, ameegemea ukuta, anakuuliza kwa huruma nyingi:

“Pole, dada. Wodi namba ngapi?”

Maana anayebeba chakula kwenye bakuli lenye kifuniko anampelekea mgonjwa hospitalini, au sivyo? Watu wanacheka. Kesho yake bakuli liko chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, nawe umeshika boksi jeupe kama binadamu wenzako.

Kidole naye alidumu siku tatu.

Usimcheke. Huyo huyo aliandika insha juu ya takataka za plastiki, mhadhiri akaisoma darasa zima. Alieleza boksi lile linatengenezwa na nini, linakaa ardhini muda gani, linaingiaje kwenye tumbo la samaki. Alipata alama za juu kuliko wote. Akatoka darasani akiwa na njaa, akaenda kantini, akachukua boksi. Na darasa zima walikuwa hivyo. Waulize lolote, wanalo jibu. Kujua walikuwa wanajua! Ujinga nauelewa, nimezaliwa nao, nimepambana nao kwa taa ya kibatari na magazeti ya kufungia maandazi. Lakini mtu ajue, halafu aogope kuulizwa wodi?

Kukawa na chama cha mazingira, na chama kina Mwenyekiti. Kijana mrefu, sauti nzuri, tai siku za kazi. Kidole alipofika mwaka wa pili, karibu na msimu wa mvua, Mwenyekiti akaitisha usafi wa mfereji. Walishuka wengi, fulana mpya, glovu mpya, Kidole akiwa mbele. Na nisiwaonee, walifanya kazi. Walichimbua, waliburuta, walitoa vitu ambavyo hata mimi nilikuwa nimevisahau, kikiwemo kiti cha kinyozi. Wakajaza magunia, wakayafunga kwa kamba, wakayapanga kwenye ukingo wa mfereji kama mashujaa wa vita. Picha zikapigwa.

Nikauliza kutoka kwenye benchi langu, “Na hayo magunia?”

“Gari linakuja, mzee,” Mwenyekiti akasema.

“Gari la nani?”

“La taka.”

“Nauliza nani kaliita.”

Akamgeukia mwenzake. Mwenzake akamgeukia Kidole. Kidole akamtazama Mwenyekiti. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwingine amepiga simu. “Litakuja tu,” Mwenyekiti akasema, “hii ni siku ya usafi, halmashauri wanajua.” Wakapanda mteremko wakiimba.

Gari halikuja. Mvua ikaja.

Sasa jambo hili lisikie vizuri. Boksi likiwa peke yake huelea, likapita chini ya daraja likaenda zake kuwasumbua wengine. Boksi likiwa limefungwa na wenzake mia kwenye gunia halipiti. Mvua ilisukuma magunia yakaanguka kwenye mfereji ule ule yalimotolewa, yakafika kwenye kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya daraja, yakakaa pale kama kizibo kwenye chupa. Maji yakarudi nyuma. Yakatafuta mlango. Mlango wa kwanza ni wa fundi cherehani.

Kidole alishuka mbio mvua ilipopungua. Alimkuta Shangazi yake amekaa juu ya meza, miguu ndani ya maji, anakamua joho. Rangi nyeusi ilikuwa inamchuruzika mpaka viwikoni. Majoho mengine yalikuwa yanaelea sakafuni, yamenyoosha mikono kama watu waliokata tamaa.

“Shangazi…”

“Ingia. Usigonge, mlango umekwenda.”

“Shangazi, samahani. Sisi ndio…”

“Najua ni ninyi. Niliwaona mnaimba.” Akatupa joho begani. “Sikiliza, mwanangu. Mara ya kwanza niliinua cherehani, mara ya pili nikainua cherehani. Mgongo huu si jeki ya gari. Maji yakiingia humu mara nyingine, nafunga. Naenda kwa kaka yangu, nikafuge kuku. Kuku hawaharibiki wakilowa.”

“Na mimi nitakuja wapi likizo?”

“Una hosteli.”

“Hosteli si nyumbani.”

Shangazi akaokota joho jingine. Kidole akainama kusaidia, akaingiza mkono chini ya cherehani kutoa kilichokwama kwenye kanyagio. Akatoa kijeneza. Akakigeuza. Huko kantini mpishi huandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko, chumba cha aliyeagiza, ili maboksi yasigombaniwe. Wino ule hautoki kwa maji. Kidole akasoma namba ya chumba chake mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nikaona uso wake ukishuka.

“Nini?” Shangazi akauliza.

“Si kitu.”

“Lete hapa.” Akatazama kifuniko, akamtazama mpwa wake. “Loo. Chakula kilikuwa kitamu?” Kisha, kwa sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko kelele: “Na bakuli langu liko wapi?”

“Chini ya kitanda.”

“Linaumwa?”

Kidole akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Shangazi akamrushia joho lililolowa. “Kamua. Ukishamaliza kulia, kamua.”

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Kidole alishika foleni kantini na bakuli la maua mekundu. Haya yote alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye benchi langu, na mwenzake wa chumba akisahihisha pale anapojipunguzia chumvi. Mwenzake huyo wanamwita Marashi, kwa sababu akipita unajua amepita hata kama umefumba macho. Siku ile Marashi alikuwa nyuma yake kwenye foleni, anamvuta nguo.

“Kidole, ficha hicho kitu. Tunalala chumba kimoja, watanihesabu na mimi.”

“Wakuhesabu.”

Na wale wa ukutani hawakukosea zamu. “Pole sana, dada. Wodi namba ngapi?”

Kidole akageuka. “Wodi ya chini ya daraja. Wagonjwa ni wengi, na chakula mlichowapelekea ninyi kimewamaliza. Njoo uwaone, saa za kuona wagonjwa ni muda wote.”

Wakacheka, lakini kicheko kilikosa mguu mmoja.

Akafika kwa mpishi. Mpishi wa kantini ni mama mmoja mwenye mdomo mpana na mkono mpana zaidi, hana haja na hotuba ya mtu. Anachukia kununua maboksi, maana yanakula faida yake kabla yeye hajala. Akalipokea bakuli, akaligonga kwa ukucha, likalia vizuri.

“Hiki ndicho chombo! Boksi lile nikizidisha kijiko linapasuka, lawama kwangu. Hili, mwanangu, halina kelele.” Akatia wali, akatia maharage, akasita, akatia tena. “Nani mwingine ana bakuli?”

Foleni nzima ikatazama lile bakuli likipita, limejaa pomoni. Hapo ndipo wasomi walipoelimika, wallahi. Insha haikuwagusa, samaki hawakuwagusa. Kijiko cha ziada kiliwagusa.

Kesho yake asubuhi Marashi alipiga magoti, akavuta sanduku, akaingia chini ya kitanda mpaka kiunoni. Akatoka na vumbi kichwani na hotipoti ya bluu. Jina lake kamili lilikuwa limeandikwa juu ya kifuniko kwa rangi ya kucha, na kando yake mama yake alikuwa amechora moyo.

“Umeuona moyo huu?” akasema. “Kwa sababu ya moyo huu nimekula kwenye boksi mwaka mzima.”

“Ni mzuri.”

“Ni mbaya sana. Twende, nina njaa.”

Ndipo Kidole akajua la kufanya, na halikuwa kuhubiri. Walipita chumba kwa chumba, yeye na Marashi, wakiuliza swali moja tu: “Chini ya kitanda chako kuna nini?” Watu walicheka, wakakana, wakaona aibu, kisha wakainama. Hosteli nzima ilikuwa ghala la vyombo! Makopo, hotipoti, sufuria zenye vishikio vilivyolegea, mabakuli ya kina mama na kina bibi, yote yamelala gizani yanasubiri kusamehewa. Msichana mmoja alikuta la kwake lina soksi. Mwingine alipiga simu nyumbani papo hapo, akamwambia mama yake, “Mama, nimeliona,” kama mtu aliyepata mtoto aliyepotea.

Mwenyekiti aliposikia alikuja na mpango. Alitaka uzinduzi. Kitambaa kikubwa cha maandishi, fulana za rangi nyingine, mgeni rasmi.

“Tupe wiki mbili tujiandae,” akasema.

“Hakuna uzinduzi,” Kidole akamwambia. “Kuna chakula cha mchana. Na kuna magunia.”

“Magunia yapi?”

“Yaliyobaki. Uliyosema gari linakuja.”

Mwenyekiti akajikuna shingo. Nampa haki yake, hakukimbia. Waliteremka safari hii bila fulana, bila picha, wamevaa nguo za kulalia tu. Walichomoa yaliyoziba kalvati, wakayabeba mgongoni kuyapandisha mpaka barabara kuu ambako gari la taka hupita kweli, wakayapanga. Kidole alikuwa amepiga simu mwenyewe, akaahidiwa. Kisha akamgeukia Mwenyekiti mbele ya watu wote.

“Wewe utakaa juu ya magunia.”

“Mpaka lini?”

“Gari si linakuja? Mpaka lije.”

Watu waliangua kicheko hadi kondakta wa basi lililokuwa likipita akachungulia dirishani. Mwenyekiti alikaa. Alikaa asubuhi, akakaa mchana na tai yake mfukoni, inzi wakimsalimia. Nikapanda kumshonea kiatu kilichoachia soli kwenye tope, maana mtu akitenda haki hata mimi hupunguza ukali. “Mzee,” akaniuliza, “hivi wewe hukasirika kila siku?” Nikamwambia, “Siku za gari kuja, hapana.” Jua lilikuwa linaelekea kushuka gari lilipotokea. Akasimama akalipigia makofi peke yake.

Sitakudanganya kwamba wote walibadilika. Wapo waliosema bakuli ni mzigo. Hosteli ya wavulana ilichelewa, wao hata kijiko wanaazimana. Mpishi akaona, akatangaza kwamba boksi atampa atakayeeleza mbele ya foleni bakuli lake limekwenda wapi. Hapo wengi wakaona afadhali kubeba. Hata lile swali la ukutani likageuka. Ukipita na hotipoti yako wanakuuliza wodi namba ngapi, unajibu chumba chako, nao wananyanyua vyao. Juzi nilimsikia kijana akimwambia mwenzake aliyeshika boksi, kwa huruma ile ile: “Pole, ndugu. Huna kwenu?”

Lakini Shangazi hakuwa anahesabu mabakuli. Alikuwa anatazama mawingu.

Mvua kubwa ilikuja mchana, kwa fujo, bila hata kunguruma kwanza. Nilibeba benchi langu nikaingia kwake. Alikuwa ameshaweka cherehani juu ya meza na majoho mapya darini, yananing’inia. Mlangoni palikuwa na begi lake, limefungwa zipu. Hakunificha. Ndani yake mlikuwa na mkasi, kipimo, chaki na nguo zake za safari.

Kidole akafika amelowa chapachapa, bakuli mkononi, kifuniko kimebana. “Nimekuletea chakula,” akasema. Tulisimama watatu mlangoni tukitazama mfereji.

Maji yalipanda. Yakawa ya rangi ya chai, yakabeba matawi, yakabeba kandambili. Vijeneza vilikuwemo, nakuambia ukweli, lakini vilikuja kimoja, kisha kimya, kisha kingine, na kila kimoja kilizunguka kidogo, kikatafuta njia, kikapita chini ya daraja. Maji yakafika ukingoni. Yakavuka. Yakaja taratibu mpaka kwenye kizingiti cha mlango, yakasimama hapo kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu.

Shangazi akashika mpini wa begi.

“Subiri,” Kidole akasema. “Shangazi, subiri kidogo tu.”

“Nasubiri. Sina haraka ya kwenda kwa kuku.”

Hakuna aliyeyakaribisha. Yakalamba kizingiti, yakalamba tena, kisha nikaona ukanda mwembamba wa tope umebaki juu ya sementi, na maji yako chini yake. Kalvati lilikuwa linanguruma kama ng’ombe, wazi, linameza. Kidole alishika mkono wa Shangazi yake kwa nguvu hata bakuli likagonga fremu ya mlango likalia.

Shangazi akakaa juu ya begi. Kisha akafungua zipu, akatoa mkasi, akatoa kipimo, akatafuta chaki chini ya nguo.

“Lete hicho chakula,” akasema. “Na ukimaliza, simama hapa wima nikupime mabega. Joho lako sitaki kulishona kwa kubahatisha.”

“Bado mwaka mzima na nusu, Shangazi.”

“Kwani nakwenda wapi?”

Walikula kutoka bakuli moja. Mimi pia nilipewa, na maharage yalikuwa yamezidi.

Ndiyo hivyo. Mlango mmoja umesimama. Lakini mvua ile haikuwa ya mwisho, na mifereji ni mingi kuliko akina Kidole. Juu ya kila mteremko kuna watu wanaojua, na chini yake kuna mtu ameweka begi mlangoni. Usiniambie kwamba unajua madhara ya plastiki. Najua kwamba unajua! Wewe unacho chombo, kipo kabatini, kipo chini ya kitanda, mtu aliyekupenda alikupa. Na magunia uliyoyaacha ukingoni mara ya mwisho, ukapigwa picha nayo, gari liliitwa na nani? Piga simu hiyo leo, kisha nenda ukakae juu ya magunia mpaka gari lije. Weka chini karatasi hii niliyokuandikia. Piga magoti. Ingiza mkono, toa bakuli, lipanguse vumbi, na mchana huu huu ukashike nalo foleni. Wakikuuliza wodi, wajibu. Haya, inuka!